Fundi Cherehani Aliyekiwahi Kiberiti

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Wengi mlimwita Mama Pindo. Alivuta sigara miaka ishirini, akaacha. Narudia: akaacha kabisa.

Zahanati ilipoanzisha huduma ya kuchati kwa simu na watu walioacha sigara, ili wasirudie, yeye ndiye wa kwanza kujitolea. Simu ilikaa juu ya cherehani, karibu na mkasi. Ikilia tu, mguu unaacha kukanyaga, hata kama bibi harusi amesimama mlangoni anasubiri gauni.

Mwanzoni yeye na wenzake wa zahanati waliteleza. Kila siku saa nne asubuhi waliwatumia wote ujumbe: "Leo usivute sigara." Mwokaji mikate mmoja akajibu: "Mama, mimi nilikuwa nimeshaisahau. Nyinyi ndio mmenikumbusha."

Mama Pindo alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Siku ile ile akaenda zahanati, na ujumbe ule ukafutwa. Akasema, tuzungumze nao mambo mengine.

Sasa sikilizeni. Siku ya arobaini tangu aache, mwokaji yule aligombana na bosi wake. Akatoka nje, sigara mdomoni. Akaandika: "Mama, nimeshindwa."

"Umeshawasha?"

"Bado. Nimeshika kiberiti."

"Basi hujashindwa, mwanangu. Hebu nisaidie. Mkate wangu unatoka mgumu kama kigae. Nakosea wapi?"

Kijana akaanza kueleza. Unga, chumvi, maji ya vuguvugu. Ujumbe juu ya ujumbe.

"Na hamira naikaanga kwanza?"

"Mama, wewe utaua watu."

Walipofika pa kuuacha unga uumuke, hamu ilikuwa imepita. Sigara aliitupa, haijawashwa. Mwaka wa tatu huu, wasikilizaji wapendwa, hajavuta hata moja.

Binti wa marehemu alituambia hivi: "Mama alioka mkate laini kuliko sisi sote nyumbani. Siku ile alijifanya hajui, ili yule kaka awe mwalimu."

Kwa binti huyo, kwa wajukuu na kwa wenzake wa zahanati, poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu.

Nasi tutafakari. Karibu yako yupo mtu anayejitahidi kuacha. Usimhubirie. Muulize jambo analolijua vizuri, kisha umsikilize mpaka amalize.