Weris Abdinur na Soksi ya Mkononi

Bismillahi. Ndugu waombolezaji, majirani wa Iftin, nanyi wanunuzi wa mbuzi mliotoka Mwingi na Thika, marehemu aliagiza mwenyewe historia yake isomwe kwa Kiswahili, lugha aliyowapandishia bei, basi tusikilizane.

Weris Abdinur Rage, Mama Dagane, alizaliwa Banissa, na kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1953, siku ambayo karani mmoja aliwazalisha watu wote wa rika lake bila kumuuliza mama yeyote, uongo alioukataa hadi mwisho, akisema yeye ni mtoto wa masika, alizaliwa matope yakiwa magotini. Shule walipelekwa kaka zake, yeye akapewa mbuzi, na kusoma alijifunza kwenye gumbaru, darasa la watu wazima, hapa Garissa mwaka 1988, akiwa tayari mama wa watoto watatu.

Mwaka 1970 aliolewa Wajir na marehemu Adow Bare, mume mwema ambaye si yeye aliyemchagua, wakajaliwa Dagane, Sirad na Ramla. Alikuwa akisema kwamba miaka ile maisha yake yalikuwa ya kila mtu isipokuwa yeye, baba akiamua, mume akiamua, na mvua ikiamua kuliko wote. Ukame wa 1984 ukamaliza ngamia, Adow akafariki tarehe 3 Machi 1986, na Weris akapanda lori la mifugo na wanawe, akashuka Garissa, akaapa kwamba sasa ataamua yeye.

Akaingia soko la mifugo kuwa dalali. Huko, kama mjuavyo, muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka na kutajiana bei kwa kubana vidole, ili walio kando wasijue, na wakishabana kiganja kizima biashara imefungwa, haivunjwi. Wazee waling'aka kwamba si halali mwanamke kushikana vidole na wanaume wasio wake, naye akawauliza kama ni halali mayatima kulala njaa, kisha akavaa soksi ya Dagane mkononi, akaunyoosha mkono. Loo! Soksi ile ilifanya kazi miaka thelathini na tatu, ikajenga nyumba, ikasomesha watoto, na katika miaka hiyo, tusifiche, hakuna aliyethubutu kumpangia jambo.

Mwaka 2019 sukari ilimpofusha, watoto wakamkataza soko, wakachukua funguo, hata dera la kuvaa wakamchagulia. Yeye akaita bajaji, akaenda, akisema vidole havihitaji miwani. Alisema alipokuwa msichana alidhani hana chake, alipokuwa mtu mzima akadhani vyote ni vyake, na sasa ajuza amejua kwamba vyake ni vidole vitano tu, vingine vyote ni vya Mwenyezi Mungu, lakini hivyo vitano hamwazimi mtu.

Septemba 2025 figo zilishindwa, madaktari wakashauri Nairobi. Watoto wakajifungia sebuleni, wakaamua ahamie huko Nairobi kwa Dagane moja kwa moja na nyumba hii ipangishwe, wakasahau kwamba kipofu si kiziwi. Akaitisha soksi yake, ingawa kwa mwanawe haikuhitajika, kwa sababu hii ilikuwa biashara, akauvuta mkono wa Dagane chini ya shuka. Dagane akabana miezi sita ya kukaa Nairobi, mama akabana wiki moja, wakafunga kwa wiki tatu. Waliondoka tarehe 28 Septemba, na siku ya ishirini na moja madaktari walisihi abaki, Dagane alilia, lakini kiganja alikuwa amekibana, akamrudisha nyumbani.

Kuna wanaonong'ona kwamba Dagane alimuua mama yake kwa kumrudisha. Familia inawajibu mbele ya watu wote kwamba bei aliitaja mwenyewe, akaipata. Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dagane, akambana kiganja kizima, mara moja, akauachia. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania figo zake, majirani mliopika, dereva wa bajaji aliyejifanya hakusikia tukimkataza, na madalali mliofunga soko jana kwa heshima yake.

Mama Dagane, umefunga biashara na hakuna wa kuivunja, Mungu akulaze pema, pumzika kwa amani.