Kimya cha Robo Saa

Mshauri nasaha alikuwa ndani ya treni ya asubuhi, akipeleka barua ya kuacha kazi, alipoitambua sauti iliyotoka kiti cha mbele: fundi cherehani, mteja wake wa zamani. Kazi yake haimruhusu kumsalimia mteja mbele za watu, basi akajificha uso kwa bahasha, akasikiliza, safari hii bila malipo.

"Dada, washauri wamekwisha," kinyozi aliyeketi na fundi alikuwa akisema. "Simu yangu nikiiuliza, inajibu papo hapo."

"Ndiyo ubaya wake huo, kaka," fundi akajibu. "Nilipofiwa na mume wangu, kila mtu alikuwa na jibu. Mshauri peke yake ndiye aliyenyamaza. Robo saa nzima! Nikalia mpaka nikatosheka. Usiku ule ndio nikapata usingizi."

Mshauri akashusha pumzi. Siku ile alinyamaza kwa kukosa la kusema, na aibu yake ndiyo iliyomfanya aandike barua hii.

"Hata simu ukiizima inanyamaza," kinyozi akang'ang'ania.

"Wewe nawe! Ikizimwa inajua kama unalia?"

Treni ikasimama, wakashuka wakibishana. Mshauri akaishusha bahasha. Alikuwa ameibana mpaka imekunjamana kama tambara la kufutia meza, na barua ya namna hiyo hapelekewi mkubwa wa kazi. Hata kidogo.