Gurudumu Lisiende kwa Lachhmina

Sogeeni, wanangu, na wewe Jagnarayan kaa upande wa sikio langu zima, maana leo nasema mara moja tu. Nyumba ni yako. Mbuzi ni wa mkeo, aliyenivumilia. Tanuri la vyungu ni lenu wote wawili, wewe na dada yako Tetri, msiligombanie kama baba yenu na mdogo wake Sukhdev walivyogombana. Lakini gurudumu la jiwe la kufinyangia lililo uani, ambalo kesho Lachhmina analijia na gari la chama na wapiga picha, akaliweke ofisini chini ya picha ya marehemu mumewe Sukhdev, hilo halitoki.

Mmekua mkisikia kwenye vipaza sauti kwamba sisi wafinyanzi wa Bihar hatukuwa na sauti mpaka Sukhdev alipowanyima wenye ardhi gurudumu. Sukhdev yupi? Siku ile shemeji yangu alijificha ndani ya tanuri, akatoka na majivu mpaka kwenye nyusi.

Sikilizeni ilivyokuwa. Mdogo wa mwisho wa baba yenu, si huyu Sukhdev, alipooa, alipita juu ya farasi mbele ya nyumba za wenye ardhi, wakamshusha kwa fimbo, eti mfinyanzi hapandi farasi wao wakitazama. Hata mwezi haujaisha, wao wakawa na harusi, na wanawake wao wakaja uani kwetu na ngoma na manjano kuliabudu gurudumu, maana bila baraka yake binti yao haolewi. Sisi wachafu, gurudumu letu mungu. Mkubwa wao akaniambia, "We mama, sogea, kivuli chako kinatuharibia." Nikasogea kweli. Mwanamke wa kifinyanzi haligusi gurudumu hata kwa kidole, nanyi mnajua, mimi nikalikalia kama kigoda, nikakunja miguu, nikawaambia, "Haya, abuduni."

Wakarudi na manjano yao. Wanaume zao wakaja kuvunja tanuri, wafinyanzi wa vijiji vyote wakaja kutulinda, na katika kikao kile chama kikazaliwa, gurudumu likawa alama yake. Ila wazee wakasema alama ya chama haiwezi kuwa kitu kilichokaliwa na mwanamke, tuseme ni Sukhdev. Baba yenu naye akaitikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; mimi walininyonga, haki wakampa mwingine.

Na Lachhmina, aliyekuwa akija kwangu kuazima chumvi, leo ni Mama wa Chama, anavishwa mashada mpaka shingo haionekani, na akipita hapa ananiita "dada mkubwa" kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Naona wivu, ndiyo. Nimeula na wali miaka yote hii. Kila uchaguzi nimekwenda kuligusa gurudumu kwenye mashine ya kura, maana pale tu ndipo sisi wanawake tunaruhusiwa, kisha nikarudi nyumbani nikalia.

Jagnarayan, najua wamekuahidi kugombea ukilitoa. Usiiname. Gombea, mwanangu, chama ni chetu, mimi ndiye niliyekizaa, lakini kwao nenda mikono mitupu. Mfinyanzi hulia gaeni. Basi kula gaeni, usile kiganjani mwa Lachhmina.

Gurudumu ni la Tetri. Ndiyo, binti. Tetri, lizungushe mpaka wanaume wa kijiji wachoke kushangaa.

Unasema nini, Jagnarayan? Watalichukua kwa nguvu? Basi niinueni. Tetri shika kwapa hili, kaka yako lile. Tokeni nami uani... taratibu, miguu haipo tena. Walimwogopa mwanamke mzima, sembuse maiti. Jiwe alilofia mtu juu yake hawalivishi shada, hata wakilipwa.

Hapa. Hapa hapa. Jiwe lina baridi... ni lile lile. Mungu awape udongo mlaini, na wana... wana wasioazima jina la mtu. Akija Lachhmina, mwambieni, "Dada mkubwa amekaa."

Msinishushe mpaka afike.