Arbia Aende Lafey

Bismillahi. Sogeeni karibu, wanangu, na simu zenu mzizime, maana tangu corona iingie nimesikia sauti zenu kwenye simu tu, leo nataka nyuso. Abdimalik, kaa hapa upande wa kichwa. Saado, acha kulia, bado nipo. Sheikh Yahye na jirani yetu mzee Bare wamekaa pale mlangoni wawe mashahidi, basi nisikilizeni kabla pumzi haijaniishia.

Mali yangu mnaijua: mbuzi walioko malishoni, ngamia wa maziwa na mtoto wake, na hiki kiduka cha hapa Habaswein. Sheria imeshawapa mafungu yenu na mimi siyagusi. Lakini sheria hiyo hiyo imeniachia theluthi nimpe mtu asiye mrithi wangu, na mtu huyo ni Arbia, mke wako, Abdimalik. Ngamia na mtoto wake ni wa Arbia. Sheikh amepima, hawazidi theluthi. Ni wake, si wako, usije ukawauza ukasema mke na mume ni kitu kimoja.

Nairobi ilipofungwa, ulikuwa ndani yake na duka lako la nguo, mwanangu, na Saado alikuwa Garissa akiogopa kuniletea ugonjwa. Siwalaumu. Lakini mlikuwa mkipiga simu kama maofisa: amekunywa dawa? Mbona anakohoa? Nani amemtoa nje? Na huyu binti, aliyenibeba mgongoni mpaka chooni na kunigeuza kila ubavu uliponiuma, alijibu tu, "Ndiyo, Saado, ndiyo, abaayo, dada yangu," kisha akaenda jikoni kulia, akidhani simsikii. Miguu ndiyo imekufa, masikio yangu mazima.

Tena mnajua jina lake lilivyochafuliwa. Kwetu mgonjwa hafungiwi mlango. Watu huja, hukaa, hunywa chai, humwombea dua. Arbia aliweka kiti langoni akawazuia wote, hata wazee wa ukoo, na mji ukasema mke wa Abdimalik ni mchoyo, amemfungia mama mkwe afe peke yake. Hakuna aliyemtetea. Basi leo namtetea mimi: wallahi, bila yeye pale langoni ningekuwa kaburini tangu Ramadhani ile. Mkaseme hivyo sokoni, kwa sauti.

Sasa neno lenyewe. Jana mlidhani nimelala, mkapanga hapa kando ya kitanda changu kwamba nikishakwenda, Arbia apelekwe Takaba akamuuguze dada yangu Khadijo, kwa kuwa eti ameshazoea. Ameshazoea! Amechoka, wanangu. Husinzia akinivisha nguo. Khadijo tumetoka tumbo moja, nampenda, lakini ana watoto aliowazaa, na nyinyi pia ni wanawe. Pangeni zamu, mkamshike nyinyi.

Arbia naye ana mama. Mmewahi kumuuliza hali yake? Yuko Lafey, kule Mandera, macho yamefifia, anaoshwa na majirani huku binti yake akiniosha mimi. Barabara ya Mandera ilipofungwa nilimsikia Arbia akimwambia kwenye simu, "Nitakuja, hooyo, wakifungua tu nitakuja." Wamefungua zamani na hakwenda. Kizuizi kilichobaki ni mimi, na leo nakiondoa, mashahidi wakisikia.

Arbia, binti yangu, sikukuzaa, lakini nakupenda kuliko ninavyoweza kusema mbele ya hawa wawili bila wao kuona wivu. Mzee Bare amekulipia kiti, na gari la Mandera ndilo hilo linalopiga honi nje. Panda leo. Usingoje nife, naweza kuchelewa, unanijua nilivyo mkaidi. Na wewe, Abdimalik, usimpigie simu kumuuliza dawa iko wapi. Itafute.

Siku yangu ikifika, Saado anioshe, mnizike hapa hapa siku hiyo hiyo, na Arbia asiitwe kuja matangani. Ataniombea akiwa huko huko, na dua yake itafika. Radhi zangu mnazo nyote, sina kinyongo na yeyote. Mungu awape wa kuwashika mkono mkizeeka... na awape macho ya kumwona akichoka. Amina. Semeni amina... hata wewe, Arbia, hapo mlangoni, kisha utoke.

Sauti inakwisha... Abdimalik, nipe maji. Si hivyo. Ninyanyue kwanza... mkono wako nyuma ya shingo... usiogope, sivunjiki. Taratibu... taratibu, baba...

Arbia, usirudi. Ni maji tu yamemwagika. Atayafuta. Nenda kwa mama yako.