Nilivyokata Hirizi ili Ini Langu Lipimwe

Gon! Gon! Gon! Niliisikia mashine nikiwa nimefumba macho, kana kwamba mafundi wanatwanga bati juu ya paji langu. Alhamdulillahi, ndugu zangu! Ndani ya kelele ile Mola alinifungulia njia.

Mimi ni Zaituni, mzaliwa wa Palma, ng'ambo ya mto Ruvuma. Virusi vya ini vilininyonya. Chakula kilinichukiza, ubavu wa kulia ukawa mzito kama nimebeba jiwe la kusagia. Usiku niliomba nife. Baba alikufa kwa maradhi hayohayo, muda mfupi baada ya kuchomwa sindano ya kutoa kipande cha ini. Alikuwa amechelewa, lakini mama aliilaumu sindano. Mimi akanifunga hirizi kiunoni.

Tuliposikia Dar es Salaam wanapima ini bila kuchoma, tulivuka Ruvuma.

"Dada, una chuma mwilini?" akauliza mpimaji.

"Sina."

Ndugu zangu, sikusema uongo. Kwetu hirizi ni hirizi! Nani huikumbuka sindano iliyoshonwa ndani yake kumchoma hasidi jicho? Akapitisha kifaa chake, kikalia.

"Na hiki kinacholia ni kiuno chenyewe? Mashine yetu ni sumaku, itakivuta."

Mama akasimama. "Zaituni, ukiivua, usiniite mama."

"Mama, nikiivaa sipimwi. Nisipopimwa, nitachomwa kama baba."

"Basi turudi kwetu."

Nikaomba mkasi. Nikakata.

Walinifunga kisahani mbavuni, wakaniingiza ndani ya mashine, kikatetemesha ini. Mashine ikatazama mtetemo unavyopita, kwa maana ini lenye makovu huwa gumu. "Toa pumzi. Usipumue!" Nikabana pumzi, machozi yakinitiririka masikioni. Hakuna aliyenichoma.

Daktari hakunificha. Makovu ni mengi, na mengine hayatafutika. Nitakunywa dawa ili yasizidi. Ndugu zangu, sikutoka pale nikicheza! Bado naamka na hofu. Lakini Mola amenitoa katika giza la kutojua, nami namshukuru kwa hilo dogo. Wewe unayeficha ubavu wako chini ya kanga, mtegemee Yeye, nenda ukapimwe.

Nikamwambia, "Mama, nimesalimika na sindano." Aliokota hirizi yangu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Mama!"

Akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.