Kaseti ya Adrisi

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1988, manyunyu yalianguka Jinja tangu alfajiri. Ndani ya garimoshi lililotoka huko asubuhi na sasa lilikaribia Mbale, Janepher alikuwa akisali kimoyomoyo wakati mwanamke wa Kinubi aliyeketi mbele yake alipowasha redio kaseti. Kikatoka kishindo cha mabati, mapipa na gitaa lililopiga mayowe.

"Mama, funga vita hiyo," akasema bwana mmoja aliyevaa sare za askari magereza. "Tumetoka huko juzi tu."

"Afande, huo ni muziki. Kaka yangu Adrisi na wenzake waliurekodi katika kiwanda cha nguo kilichofungwa. Magazeti ya Nairobi yameusifu sana."

"Nairobi hawakulala chini ya vitanda kama sisi."

Abiria wakacheka. Janepher naye akacheka, kisha akamwomba Mungu msamaha, maana yule mwanamke hakucheka. Alingoja mpaka kelele za muziki zikatulia, na sauti ya kijana ikasema ndani ya kaseti, "Turudie, Sulaiman, mara moja tu."

"Ndiye huyo. Wanajeshi walimchukua mwaka wa themanini na tano. Mama yetu amekataa tumsomee arobaini. Anasema mtu hasomewi arobaini na bado anaongea."

Askari akavua kofia.

"Kelele ni kelele, dada, hapo sibadiliki," akasema, garimoshi likipunguza mwendo kuingia Mbale. "Lakini nitamwulizia Adrisi katika kila gereza, mpaka nipate jibu. Ninyi nyote mmenisikia."