Pua za Kuazima kwa Miche ya Kabichi

Akina mama wenzangu, nanyi wazee wawili mliofuata harufu ya chai mpaka hapa, mimi harufu hiyo siisikii. Sina pua. Hii mnayoiona ipo, tena haijapungua ukubwa hata kidogo, lakini haifanyi kazi. Niliugua mafua makali, homa ikaisha, ladha ikarudi nusunusu, harufu ikaenda moja kwa moja. Na kwa muda mrefu, kila aliyeniuliza nilimwambia niko sawa.

Nilikuwa na mbinu zangu. Mtu akiinamia sufuria na kufumba macho, nami nafumba. Akikunja uso, nami nakunja. Mimi niliyefundisha watu wazima chuoni kuchambua hisia za wahusika wa riwaya, nilishindwa kusema sentensi ya maneno mawili: sisikii harufu. Mlipokuja kwangu kwa maombi, niliwapa maziwa ya kibuyu ambayo sasa najua yalikuwa yameharibika. Mliyanywa. Mmoja wenu akaomba aongezwe! Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au ibada.

Mniulize, kwa nini nilificha? Niliona aibu. Huku kwetu mwanamke hunusa kibuyu kabla hajatia maziwa, hunusa mtoto kabla hajamlaza. Niliona nikikiri, nitakuwa mgeni jikoni kwangu mwenyewe.

Halafu chuo kikaacha kunipa masomo ya kufundisha. Hakuna aliyenifukuza. Muhula ulianza, simu haikuja, na muhula uliofuata vilevile. Nilikaa nyumbani nikiangalia majani chai ya jirani yakichumwa, yakimea, yakichumwa tena. Siku kikundi chetu kilipotafuta mtu wa kuotesha miche ya kabichi kwa ajili ya wote, niliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Nilikuwa na sebule kubwa na madirisha mazuri, na mnajua mvua ya mawe ya Kericho inavyofanya miche iliyo nje. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha kuamkia. Mkanipa mbegu. Mlinipa na mashamba yenu, kwa sababu miche ikikosekana mvua ikianza, shamba linakaa tupu msimu mzima.

Ndugu zangu, nawaambia, niliipenda ile miche mpaka nikaiua. Nilichota samadi ikiwa bado mbichi, nikaichanganya na udongo mweusi wa kando ya zizi. Trei nilizitoa stoo zikiwa na uchafu wa msimu uliopita, nikazifuta kwa kitambaa, basi. Mbegu nilizimwaga kama mtu anayelisha kuku. Nikafunika kwa karatasi ya nailoni, nikaikaza pande zote, nikafunga madirisha kwa sababu ya baridi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Zilichipuka vizuri! Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu, mkaniwekea mikono ya kupiga makofi, nami nikajiona mkulima.

Baada ya siku chache mche mmoja ulilala. Nikadhani umechoka. Halafu ikalala mingi, kwa viraka, kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Nikishika mmoja naona shina pale linapotoka kwenye udongo limekuwa jembamba kama uzi, laini, na jani la juu bado ni la kijani, halina habari kwamba limekufa. Juu ya udongo kulikuwa na ukungu mweupe kama pamba. Nilifanya nini? Niliongeza maji. Kisha nikasema ni baridi. Kisha nikasema ni mbegu feki, na nikaanza kuandika barua ya malalamiko kwa Kiswahili sanifu.

Wakati huo wote sebule ilikuwa ikinuka, na kila aliyeingia alijua isipokuwa mwenye nyumba. Mlikaa mwisho wa kiti, karibu na mlango, mkanywa chai haraka na kukumbuka ng'ombe hawajakamuliwa. Nilidhani mnanichoka.

Aliyeniokoa ni mwenyekiti wetu. Alikuja mchana mmoja na mwenzetu ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Simtaji jina, lakini ndiye yule ambaye ameshaanza kucheka. Mwenyekiti alisimama katikati ya sebule bila kukaa.

"Mwalimu," akasema, "hii nyumba inanuka."

"Inanuka nini?"

"Soksi ya mtoto wa shule ya bweni, imevuliwa mvuani, ikasahaulika kwa sanduku."

"Yawa, na sanduku ikafungwa na kufuli," mwenzake akaongeza.

"Kweli kuna kaharufu," nikasema, nikakunja pua. Mwenyekiti akanitazama. Huyu mama amelea watoto wengi, anajua uongo ukiwa bado njiani.

"Funga macho."

"Mwenyekiti, sisi si watoto."

"Funga, nimesema."

Nikafunga. Nikasikia ameingia jikoni, amerudi, kitu kimewekwa karibu na uso wangu. "Hii ni nini?"

Nikafikiri kama mwanafunzi asiyesoma: jikoni kwangu, kitu cha kwanza kwenye rafu, ni nini? "Majani chai," nikasema, kwa sauti ya uhakika kabisa.

Nikafungua macho. Ilikuwa chupa ya mafuta ya taa, imefunguliwa, mdomo wake umekaribia kugusa wangu.

"Huyu angewasha kiberiti akituchekea," mwenzetu akasema. Lakini hakucheka. Mwenyekiti aliweka chupa mezani, akanishika mkono, akaniuliza polepole, "Tangu lini, dada?" Nami nikalia, wenzangu, kama mtu aliyetolewa mzigo wa kuni kichwani bila kuulizwa.

Niliwaruhusu wawaeleze ninyi wengine, na nikaja mkutanoni nikiwa tayari kurudisha kazi. Wengi mlinipa pole. Mwenzetu wa upande wa Bomet, mwenye shamba kubwa kuliko sisi sote, naye alinipa pole, kisha akasema, "Lakini kabichi haili pole. Tuende kitalu ya mjini. Miche yao inasimama." Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Ndipo sauti ikatoka nyuma, sijui ya nani hadi leo: "Pua si tuko nazo? Tumkopeshe." Watu wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Mbegu ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo. Tukakubaliana nioteshe hiyo. Ikisimama shambani, kazi ni yangu. Ikianguka, tunaenda mjini na mimi nabaki na sebule yangu.

Safari hii nilisoma kwanza, halafu nikauliza. Udongo niliuchanganya na mchanga na samadi kuukuu iliyokwisha kuwa kama unga, nikaulowesha kidogo, nikauweka kwenye mtungi wa bati, nikaufunika na kuupasha motoni mpaka mvuke ukatoka juu, kisha nikauacha upoe. Majirani walidhani nimefilisika, napika udongo. Trei niliziosha kwa sabuni na dawa ya klorini, nikazianika juani jua lilipotaka kutoka, nikatoboa matundu chini. Nilipanda kwa mistari, mbegu moja moja kwa nafasi, kazi ya kumtesa mtu wa miwani. Juu nikanyunyiza mchanga mwembamba, ili shingo ya mche isikae kwenye unyevu. Karatasi ya nailoni niliiondoa siku ile ile vichwa vilipochungulia, na dirisha likafunguliwa kila siku, baridi au si baridi. Mimi nilivaa sweta mbili. Miche haikuvaa kitu, ikawa migumu.

Tabia ya kumwagilia ndiyo iliyokuwa ngumu kuacha. Niliacha kumwagia juu. Naweka trei ndani ya karai lenye maji kidogo, asubuhi tu, udongo unakunywa kutoka chini, naitoa. Na siweki tena mpaka nikiinua trei nione ni nyepesi. Mikono yangu ilijifunza kilichokuwa kimenishinda.

Na ninyi mlikuja. Mkipeleka majani chai kituoni kupimwa asubuhi, mlipita kwangu, mkaingiza kichwa dirishani, mkavuta hewa kama ng'ombe penye chumvi, mkapaza sauti: "Mwalimu, iko sawa!" Mmoja akasema inanuka mandazi, akaingia kuhakikisha, akahakikisha matatu. Asubuhi moja mwenzetu wa upande wa ziwa alivuta mara moja, akarudi akavuta tena. "Ile trei ya pembeni, toa." Nikamwambia mbona yote imesimama. "Toa, nakwambia." Nikainama na miwani, nikaona ukungu kidogo chini ya majani, na mche mmoja umeanza kukonda shingo. Niliitoa trei nzima na udongo wake, nikaitupa mbali. Iliniuma. Nyingine zote zikapona.

Mwenyekiti, asante kwa ile chupa. Dada yangu wa dirishani, asante kwa kuvuta mara mbili. Asanteni mliopita na mvua, na wewe wa mandazi pia. Pua yangu haijarudi, na daktari haniahidi chochote. Lakini maziwa sasa nampa jirani anuse kabla sijampa mgeni, na sijafa kwa aibu. Mwenye kitu kama changu, cha macho, cha masikio, cha moyo, aseme hapa hapa. Mtu hawezi kukuazima asichojua umekosa.

Miche niliigawa ilipokuwa imekwisha kuzoea jua na upepo wa nje. Mwenzetu wa Bomet alichukua yake bila maneno, akiugeuza kila mche na kuutazama shingo kama mnunuzi wa ndama. Kisha mvua ikaanza, nzito, na sikusikia lolote kutoka kwake. Huyu mama hapigi simu. Yeye hu-flash, umpigie wewe. Kwa hiyo simu yangu ilipolia juzi bila kukatika, nilikaa chini kwanza.

"Mwalimu."

"Mama, habari ya huko?"

"Nimetoka shamba sasa hivi. Mvua imepiga hapa tangu juzi." Nilisikia gumboti zake zikibanduka kwenye matope. "Nimetembea mstari kwa mstari natafuta ile imelala."

"Na?"

"Nimekosa." Akavuta pumzi. "Mbegu ya msimu ujao nimeshanunua. Nikuletee lini?"